Mgongo Uliombeba Mdogo Wangu

Maumivu ya mgongo yalimwanza mama mwaka ule tuliomzika mdogo wangu, na hayakumwacha mpaka alipokufa yeye mwenyewe.

Tulikuwa tukiishi Kadutu, Bukavu, enzi za Zaïre. Likizo moja, nikiwa na miaka kumi na mmoja, mama alitupeleka kijijini Miti kumsalimu bibi. Huko mdogo wangu, mvulana wa mwaka mmoja na nusu, akashikwa na surua. Siku ya nne akaanza kuhema kwa shida. Lori la mboga tulilolingoja halikuja, basi mama akamfunga mgongoni kwa kikwembe, tukaishika njia ya mjini kwa miguu, mvua ikitunyeshea.

Nilitembea nyuma yao. Tulipopita soko la Mudaka niliona kichwa cha mtoto kimelala upande, kinayumba kwa kila hatua, mdomo wazi, maji ya mvua yanaingia. Nilielewa. Sikusema kitu. Niliogopa kwamba nikilitamka, nitakuwa mimi niliyemuua. Tulitembea hivyo saa nyingi mpaka mlango wa hospitali, ambako muuguzi alimfungua, akamtazama, akamfunika uso.

Baada ya matanga mama hakuweza kuinama. Alisema pale alipokuwa analala mtoto panawaka moto. Papa, baba yetu aliyekuwa karani, alimpeleka kwa daktari, wakampiga radio, ile picha ya mifupa. Daktari akainyanyua dirishani.

"Mama, mugongo yako haiko na kitu. Uende ufanye kazi, utasahau."

Papa aliyashika maneno hayo. Kila alipokuta sombe, majani ya muhogo, haijatwangwa, aliniuliza mimi, wala si mama: "Haiko na kitu, na bado amelala?" Mashangazi walisema ni uvivu. Mama akajifunza kufua akiwa amepiga magoti.

Nilikuwa tayari mwalimu, nina mtoto wangu, siku niliyomkuta amelala kifudifudi mkekani, hawezi kugeuka. Nikapasha mafuta ya mawese, nikaanza kumkanda. Vidole vyangu vilipofika katikati ya mabega alianza kulia bila sauti, na mimi nikashindwa kuendelea kuficha.

"Maman, siku ile ya kutoka Miti nilimuona. Pale Mudaka alikuwa amekwisha kufa. Nilikunyamazia."

Alijibu uso umeelekea ukutani.

"Nilijua, mutoto yangu. Nilijua mbele yako. Mutoto mwenye amekufa anakuwaka na uzito ingine."

"Sasa juu ya nini haukusimama?"

"Ningesimama, wangemutosha ku mugongo yangu. Nilitaka nimubebe tena kidogo."

Jioni ile alikula vizuri, nikaamini amepona. Asubuhi aliniomba nimwinue kama kawaida.

Papa alipoanza tena na maswali yake, nilimweleza yote, mama akiwa amekaa pale pale. Alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Hakumwomba msamaha, hakuwa mtu wa maneno hayo. Lakini tangu wiki ile alimchemshia mama maji ya kuoga kabla ya kwenda kazini, majirani wakimcheka.

Mama aliumwa miaka mingine sita. Siku mbaya zaidi zilikuwa siku za mvua, na Bukavu mvua ni nyingi. Siku hizo hatukumuuliza tena anaumwa nini. Tulikaa naye.