Kundi la Wanawake

Klabu yetu ya mbio za magari hapa Unguja ina makundi matatu: injini ndogo, za kati na kubwa. Halafu ati lipo la nne, la wanawake. Hebu niambieni, mwanamke ni injini ya ukubwa gani? Wallahi nikilifikiria, damu inanichemka.

Mie Shaame, ndiye ninayeshika saa kwenye mbio. Rukaiya ni jirani yangu Jang'ombe. Kila asubuhi anapeleka watoto wa watu skuli kwa gari ndogo ya marehemu baba yake, na Jumapili anaingia nayo mashindanoni. Baba yake alikuwa fundi, akamfundisha kushusha injini kabla hajajua kupika wali. Akikwambia plagi mbovu, usibishane naye, utaumbuka.

Mwaka huu alitaka kitu kimoja tu: kwenda Pemba. Mshindi wa kila kundi la injini anachukuliwa na klabu, yeye na gari yake, kwenye mashindano ya huko. Mshindi wa wanawake anapewa seti ya vikombe vya chai. Vikombe!

Jumapili iliyopita magari yalitoka moja moja kwenye barabara ya vumbi ya machimbo. Rukaiya alitumia dakika mbili na sekunde kumi na moja. Basil, aliyeshika nafasi ya kwanza kwenye injini ndogo, dakika mbili na sekunde kumi na tisa. Kaachwa sekunde nane nzima! Lakini Rukaiya alitiwa kundi la wanawake pamoja na Wafaa, mwenye injini kubwa mara mbili ya yake, kwa hivyo akawa wa pili. Hata vikombe vyenyewe hakupata.

Nikamwendea mwenyekiti wetu, Mzee Saud, na Rukaiya nyuma yangu.

"Shikamoo, mzee. Huu ni uonevu! Tunagawa magari, hatugawi watu. Mtie kwenye injini ndogo, Pemba aende yeye."

"Marahaba. Sheria ndiyo hiyo, Shaame."

"Sheria gani? Nani alotuletea upuuzi huu?" Nilipaza sauti mpaka watu wakageuka.

Mzee Saud akafungua faili la mkutano wa kwanza wa klabu, miaka sita nyuma, akanipa nisome. Mwandiko wangu. Jina langu. "Napendekeza, kwa heshima ya dada zetu, wasichanganywe na wanaume."

Nilikuwa nshasahau kabisa. Siku ile hapakuwa na mwanamke hata mmoja mkutanoni, na mie nikajiona muungwana kweli kweli. Watu walinipigia makofi.

Rukaiya alikuwa anasoma begani kwangu.

"Kumbe weye?"

"Rukaiya, nlidhani nakuheshimuni."

"Heshima? Uliniuliza? Nyumba yangu na yako ukuta mmoja, Shaame! Ungebisha hodi tu."

Nikamwambia mkutano wa mwezi ujao nitaifuta sheria ile kwa mkono wangu mwenyewe.

"Ifute," akasema. "Mbio za Pemba wiki hii."

Akatia gari moto akaondoka. Hasira zangu zote zilikuwa za Mzee Saud. Sasa sijui nizipeleke wapi. Alkhamis asubuhi Basil alipanda meli kwenda Pemba, na Rukaiya alikuwa anapeleka watoto skuli.