Wino Usiotoka kwa Maji

Nilisoma miaka mitatu tu, na nusu yake nilikuwa nachunga mbuzi wa mwalimu. Kinu cha mpunga nilichonacho Bugarama sikupewa na diploma. Mambo ya wino pia nimejifunza kwa vidole vyangu, kwa hiyo msomi asinisahihishe.

Nilitaka kuandika majina ya watu wetu kumi na wawili, mama yangu mmoja wao, waliozikwa ng'ambo ya mto, upande wa Congo, tulikokulia kabla ya kurudi Rwanda. Makaburi yao hayana msalaba. Juu ya mengine watu wamelima mihogo. Anayewajua wote nimebaki mimi, na kichwa changu kimeanza kuvuja. Kalamu ya biki siiamini, nimeiona ikifa kwenye karatasi ya ubatizo ya mama yangu. Nikanunua kalamu ya wino, ile ya kunyonya, na chupa tatu za wino mweusi.

Weusi si mmoja. Wino wa kwanza ulikuwa mweusi wa uongo, ukiutia mate unakuwa bluu. Wa pili ulikaa vizuri kwenye diplikateri, karatasi ile ya mashine, lakini kwenye kaye, daftari la shule, uliota mizizi na kutokea upande wa pili. Wa tatu ulikuwa mzito, wa masizi. Ukiusahau ndani ya kalamu unaganda, lakini juu ya karatasi unakaa kama kovu.

Niliandika majina yale kumi na mawili kwa kila wino, juu ya kila karatasi, nikazamisha moja moja kwenye beseni. Ya wino wa kwanza yalibanduka yakaelea. Kwa pumzi moja hivi niliweza kuyasoma juu ya maji, jina la kaka yangu likizunguka polepole, kisha maji yakawa ya kijivu. Sikuyamwaga uani. Niliyapeleka mbali, chini ya migomba, wala sikujiuliza kwa nini.

Kisha nikazianika karatasi kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Asubuhi hiyo ukungu wa mto ulikuwa umepanda hadi mlangoni, na jani la mgomba halikutikisika. Karatasi zilitikisika. Maman jirani alipita na beseni lake la samaki wadogo wa sambaza, akasimama.

"Mzee, leo umefua bantu?"

Alicheka kwa kuona watu wameanikwa kama nguo, lakini aliondoka haraka kuliko alivyokuja.

Mke wangu ndiye aliyezisoma. Yeye alimaliza la sita kwa masista, anasoma kuliko mimi. Shingoni alikuwa na uvimbe uliombana pumzi, na Jumatatu ndiyo siku aliyopewa ya kukatwa hospitalini. Bila kukatwa, daktari alisema, siku moja atalala na pumzi haitapita.

"Papa, huyu wa mwisho ni nani?"

Nikaangalia. Kwenye diplikateri ya wino wa tatu kulikuwa na mstari wa kumi na tatu. Nilikuwa nimetaka kuijaza hadi chini, kwa sababu chini ndiko maji yanakoanza kula karatasi. Majina ya wafu yalipoisha, mkono uliandika lililokuwa karibu.

"Ni weye."

"Umenitia na bantu balishakufa?"

"Nilikuwa najaribu wino tu, Maman."

"Na wino umesema nini?"

Nikaisogelea kamba. Majina kumi na mawili yalikuwa yamepauka kidogo. La kumi na tatu lilikuwa jeusi kama lilivyoandikwa. Sababu naijua: nilikuwa nimejaza kalamu upya kabla ya mstari ule. Lakini ukungu, kamba, na jina lile jeusi peke yake, hata mimi nilirudi nyuma hatua moja.

"Unitoe humo," alisema. "Kabla sijatoka siendi hospitali."

Nilifua kwa sabuni. Nilitia ndimu, nikatia javeli, dawa ya kutoa madoa, nikakwangua kwa wembe. Karatasi iligeuka njano, ikawa nyembamba, jina likabaki. Nikasema basi nikate mstari kwa makasi.

"Unikate mwenyewe kabla ya daktari?"

"Basi nichome yote."

"Na mama yako ndani? Na miye ndani?"

Mpumbavu ni mimi. Wiki tatu nilitafuta wino usiotoka, na nilipoupata nikaanza kuuomba utoke.

Jumatatu ilifika, karatasi bado mbichi kwa javeli. Yeye alikaa kitandani na gauni la nyumbani, pumzi ikipiga filimbi. Nilimwambia moto mbili, pikipiki za kutupeleka, zinasubiri nje. Akaitisha kalamu. Chini ya jina lake akaandika jina langu, kwa mwandiko wa masista, kubwa.

"Sasa tuko babili. Kama ni wino tu, ni wino tu. Unaogopa?"

"Miye? Niogope nini?"

"Basi leta kitenge changu."

Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni, nisiiache peke yake nyumbani. Tukafika, wakamwingiza kukatwa. Kwenye benchi ya hospitali, muda mrefu baadaye, niliikunjua. Wino wa masizi haukaukii kwenye karatasi mbichi. Jina langu lilikuwa limejipiga kinyume juu ya jina lake, kwenye mkunjo, likalifunika lote. Nilitafuta herufi yake hata moja, nikakosa.

Mimi si mtu wa kulia. Nilisema polepole kwa nani sijui: basi, iwe hivyo, chukua jina lililo juu.

Muuguzi akafungua mlango.

"Mzee, Maman ameamka. Sauti haijatoka vizuri, lakini anauliza kama wino umekauka."

Niligusa kwa kidole. Kikarudi cheusi.

"Mwambie bado," nilisema.