Darubini katika pipa la mbegu

Ndege nilianza kuwatazama kwa sababu ya kazi. Shamba letu la mtama liko mlimani, juu ya Bihambwe, na mtama ukianza kukomaa lazima mtu akae nao kutwa akiwafukuza. Baada ya misimu michache nilitambua kwamba wengi niliokuwa nawatupia mawe hawali mtama, wanakula wadudu. Hao nikawaacha, nikaanza kuwachunguza: mdomo, mkia, namna ya kutua. Shuleni niliishia msingi. Baadaye nilipata kitabu cha ndege, cha Kifaransa, nikakisoma kwa kamusi, na kila mara nilikwama pale pale: kitabu kinaeleza jicho, na mimi nilipokaa sikuliona jicho lenyewe.

Kwa hiyo nilipoiona darubini kwa mwuza mitumba wa Kashebere, nilijua nitaifanyia nini. Nilikuwa nimekwenda kumwona dada yangu, na nilibeba fedha za mbuzi niliyemuuza. Mume wangu alijua fedha hizo ni za mabati ya jiko. Niliielekeza kwenye mti ng'ambo ya barabara, nikaona siafu wakipanda shina. Nikalipa.

Mabati yalikuwa jambo dogo. Kwetu watu wamezoea kuona kitu kile shingoni mwa wanajeshi. Mume wangu angeuliza nitajibu nini nikikutwa nacho, na swali lingekuwa la haki. Angeirudisha kwa mwuzaji hata kwa hasara. Niliisafirisha chini ya gunia la ndizi, na pikipiki iliposimama kwenye kizuizi cha wanajeshi niliuliza kwa sauti kama ndizi hazijapondeka.

Nyumbani niliifunga kwa plastiki nikaizika katika pipa la mbegu, ndani ya maharagwe yaliyochanganywa na majivu. Kwetu mwanamume hatii mkono katika mbegu. Mama wa nyumba ndiye anayezichagua na kuzigawa. Nilichosahau ni kwamba mtu akija kuomba mbegu, harudishwi mikono mitupu.

Jirani yetu alikuja siku niliyokuwa kanisani. Alinikuta njiani nikirudi, kikapu chake kimejaa maharagwe.

"Mama, bwana yako leo amenifungulia pipa!" Alicheka. "Ametia mukono mpaka ku bega. Eti harage ya chini iko nzuri. Ulimufundisha wewe?"

Nilicheka naye, nikaharakisha kwenda nyumbani.

Mume wangu nilimkuta akinoa panga. Alinisalimu. Nilipopata nafasi nilipekua pipa hadi chini: maharagwe na majivu, basi. Nami ningemwuliza nini? Kuuliza kungekuwa kusema yote.

Mvua ikaanza kunyesha. Jioni moja maji yalidondokea karibu na mafiga.

"Mvua iko naingia," alisema mume wangu.

"Iko naingia, Papa."

"Mabati ingezuia."

"Ingezuia."

Akaendelea kula.

Mtama ulipokomaa alisema atatangulia shambani. Nilimpelekea chakula mchana. Alikuwa ameketi kibandani, darubini machoni, ameishika kinyume.

"Papa."

"Nyamaza, utafukuza ndege." Hakuishusha. "Hii kitu walikuuzia iko mubovu. Niko nakuangalia tangu kule chini. Unakuya, unakuya, lakini uko mbali kama Itebero."

Niliigeuza mikononi mwake. Akarudi nyuma kidogo, kama mtu aliyeguswa usoni. Kichakani karibu nasi palikuwa na ndege mdogo wa kijani, wa aina niliyoshindwa kuwa na hakika nayo kwa miaka.

"Jicho yake iko namna gani?" nilimwuliza.

Aliirudisha machoni, akaielekeza kichakani.

"Iko na muviringo nyeupe. Kama mutu amevaa miwani."

Ndivyo kitabu kilivyosema.

"Ku barabara, hapana," alisema, akiwa bado anatazama. "Ku kizuizi, hapana kabisa. Itafanya kazi hapa, italala ku nyumba."

"Na mabati?"

"Utauza mbuzi ingine, Mama. Yako, si yangu."

"Nimekubali. Sasa nipe na mimi nimuone."

"Ngoja kwanza," alisema. "Iko naimba."

Chakula kilikuwa kinapoa. Nilikaa chini kando yake, nikangoja zamu yangu.