Mara Kumi na Tisa

Kiti cha mwongozaji wetu wa filamu bado kiko kitupu kando ya kamera, ingawa yeye mwenyewe hakukikalia hata siku moja. Alisimama, mikono mfukoni, akisema "Tena" kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani. Januari ile alimwingiza mwigizaji Ok-bun mtoni, kwenye barafu, mara kumi na tisa.

"Mzee, miguu siisikii."

"Vizuri. Huyo mjane unayemwigiza naye haisikii. Tena."

Mimi ndiye niliyehariri filamu hiyo. Mzee alichagua picha za mara ya kwanza; zilizobaki hakuziangalia. Ok-bun alikatwa vidole vitatu vya mguu vilivyoharibiwa na baridi, filamu ikapata tuzo. Sasa mzee amekufa, na majivu yake yako Paju, katika jengo la kuhifadhia majivu ya wafu, kwenye rafu ya juu, juu ya ngazi ambayo Ok-bun hawezi kuipanda.