Chumvi ya King'ora

Ulikuwa mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji. La, nisiwadanganye. Daraja lilikwenda mwaka uliotangulia, maana siku ya kumzika mkewe Mzee Chumvi watu walivua viatu wakavuka mto kwa miguu, na jeneza likavushwa mabegani. Haya ninayoyasema ni ya mwaka uliofuata, daraja jipya likiwa bado linanuka lami.

Jina la Mzee Chumvi alipewa na majirani, na sababu yake ni ng'ombe. Malisho yake yalipakana na uwanja wa jeshi wa kulengea shabaha. Siku zisizo na mazoezi wafugaji waliruhusiwa kulisha hadi ndani ya uwanja. Kabla ya mazoezi kilipigwa king'ora, na hapo kila mtu alitimua mbio kutafuta mifugo yake, roho mkononi. Marehemu mkewe alizichoka mbio hizo. Akaanza kusimama langoni kila king'ora kilipolia, ameshika sahani ya bati yenye chumvi. Haukupita muda, ng'ombe wakawa wakisikia tu ule mlio wanageuka wenyewe, wanarudi wamefuatana kama watoto waliosikia kengele ya kutoka darasani.

"Ng'ombe wako wana vyeo wale," sajenti wa kambini alimtania. "Huyo wa mbele mwenye pembe iliyovunjika ni koplo kabisa."

"Basi mpeni sare, Afande. Koplo gani anatembea uchi?"

Baada ya mazishi, sahani ilibaki mikononi mwa mzee. Na lango pia, lile lango la mbao lililolala upande, ambalo halifunguki mpaka ulinyanyue kwa bega.

Mwanawe alikuwa mmoja tu, fundi wa kuchomelea mageti mjini, amebanana na mke na watoto wanne katika vyumba viwili vya kupanga. Siku ile ya mazishi alimshika baba yake mkono, akampeleka nyuma ya zizi, akamwonyesha kipande cha nyasi.

"Baba, nipe muda kidogo. Nitajenga hapa. Hutabaki peke yako."

Mzee aliyalalia maneno yale na kuyaamkia.

Lakini mji nao ulikuwa unasogea. Jirani wa upande wa juu aliuza ardhi yake kwa mkono wa dalali. Nyumba zikachomoza, na waliohamia wakaanza kulalamika kwamba mizinga inawaamshia watoto. Jeshi likaona mbali: uwanja ukizungukwa na nyumba, mazoezi yamekwisha. Likashikana na watu wa hifadhi, ambao nao walikuwa na hofu yao, ya chemchemi za mto na ndege wanaotaga kwenye nyasi ndefu. Wakaja na mapatano. Mfugaji abaki na ardhi yake, aendelee kulisha, apewe kifuta jasho. Ila ardhi isijengwe, si leo wala kizazi kijacho.

Afisa wa hifadhi, dada mmoja mpole mwenye buti za mpira, aliketi sebuleni kwa mzee akamsomea yote kwa sauti.

"Hakuna paa jipya, mzee wangu. Nyumba hii na zizi, basi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwanangu. Watu wasijenge."

"Hutaki kwanza uongee na watoto?"

"Ninaye mmoja. Na haya yote nayafanya kwa ajili yake."

Hakuwa mjinga, wala hakudanganywa. Kichwani mwake paa jipya lilikuwa la wale wateja wa dalali, wenye kuta ndefu na mbwa wakali. Mwanawe kuja kukaa nyuma ya zizi la mama yake hakukuita kujenga. Huko kulikuwa kurudi nyumbani, na nani anaombewa ruhusa ya kurudi kwao? Akatia saini. Akamsindikiza yule dada hadi kwenye gari, akampa na maziwa.

Mvua zilipokatika, lori la mchanga likaingia uani likipiga honi. Mwanawe akaruka chini, meno yote nje.

"Baba, nimekuja! Matofali yanakuja kesho!"

Mzee hakujua ashike lipi aache lipi. Alikuwa akitafuta nyundo ya kupigilia vigingi, anacheka peke yake, gari la hifadhi liliposimama langoni. Lori halifichiki mahali palipo wazi namna ile. Kambini walikuwa wameliona, wakawapigia simu watu wa hifadhi.

Yule dada alishuka taratibu. Mzee akamwahi.

"Huyu si mgeni. Huyu ndiye mwanangu."

"Najua, mzee wangu. Lakini nilikusomea."

"Ulinisomea," mzee akasema.

"Nikiongeza vyumba kwenye nyumba hii hii je?" mwana akauliza.

"Kukarabati, sawa. Kuongeza, hapana."

"Kwa hiyo wanangu walale na ndama."

Yule dada alikwenda kuwabembeleza wakubwa wake, na alifanya hivyo kwa moyo safi, akarudi na jibu lile lile.

Mwana aliizungusha kamba ya msingi vidoleni, taratibu, mpaka ikaisha.

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Nilitaka siku ukija uikute ardhi bado ipo."

Akajenga upande wa pili wa mji, mbali. Alimwita baba yake wakaishi wote, na mzee akaenda kweli. Lakini alikaa kitako sebuleni kwa watu huku masikio yako kwingine, na wiki haikuisha akaaga. Ule mchanga haukurudiwa. Nyasi ziliota juu yake, na ndama wakaufanya kitanda.

Ardhi yenyewe ilinawiri. Ndege walirudi, chemchemi haikukauka hata kiangazi. Siku moja wakaja wakubwa wa jeshi na wa hifadhi, wakasimika kibao cha shukrani karibu na lango. Yule dada alikuwepo, amevaa buti zake zile zile. Mkubwa mmoja akasema kwamba malisho haya yatabaki malisho milele, wakapiga makofi, na mzee naye akapiga.

Ndipo king'ora kikalia. Wageni wakashtuka. Kule mbali, yule koplo akainua kichwa, akageuka, na wengine wakamfuata. Mzee alichukua sahani yake, akaliwekea lango bega, likagoma. Akaliwekea tena, huku anahema, likanyanyuka. Ng'ombe wakapita mmoja mmoja, wakiilamba chumvi na vidole vyake pamoja.

Alipomaliza akawageukia wageni. Hakuwa na ugomvi nao. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia. Yule dada aliinamisha macho kwenye buti zake, mkubwa akatazama saa.

"Na mimi nikishaondoka, nani atawafungulia?"