Shikamoo Mbele ya Namba Nne

Ndugu yangu, wewe nakuamini, ndiyo maana nakusimulia siku niliyompigia kelele mama mkwe wangu.

Binti yangu alikuwa na kovu nene shingoni. Nikampeleka kliniki moja hapa Singida mjini wanakotibu kwa mwanga wa leza. Kwenye mashine palibandikwa pembetatu ya njano yenye maandishi ya Kiingereza na namba 4. Kiingereza changu ni cha madarasa ya jioni, lakini neno la jicho nililitambua. Nikamuuliza daktari.

"Namba ikipanda na hatari inapanda, mama. Moja haina shida. Nne ndiyo ya juu kabisa. Hata mwanga ukigonga kwenye bangili ukarudi, unaweza kukupofusha."

Nikavua bangili zote. Binti akafunikwa macho, mimi na daktari tukavaa miwani maalumu. Nikasoma bismillahi. Mashine ikaanza kulia.

Mara, "Hodi humu!" Mama mkwe huyo mlangoni, katoka Ilongero na bodaboda kumwona mjukuu wake. Hajui kusoma, na mlango hatukuufunga kwa ndani.

Sisi mkubwa humwamkii ukiwa umefunika macho. Ni dharau. Binti akapeleka mkono afunue. "Shika..." Na mimi mkono ulishagusa miwani.

Macho yangu yakaangukia ile pembetatu. Nikamkandamiza mwanangu viganja usoni, nikapiga kelele, "Mama, fumba macho! Toka nje!"

Daktari akaondoa mguu kwenye kanyagio. Mashine ikanyamaza. Mlango ukabamizwa.

Nilimkuta mama nje kwenye benchi, kanipa mgongo.

"Miaka yote hii, leo unaniswaga kama mbuzi?"

Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

Akavuta mtandio wake, asigeuke.

Daktari akampima macho, kisha ya binti. Yote salama, alhamdulillahi. Nikamshika mama mkono hadi mlangoni, nikampitishia kidole kwenye kibandiko kama kile cha mashine, juu ya ile nne, nikamweleza.

Akakitazama weee. "Kwa hiyo mjukuu wangu angepofuka kwa kuniamkia mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Marahaba," akasema. "Lakini siku nyingine mnipokee getini, siyo kunitoa mbio."

Basi na wewe msimulie mwenzako, hasa mwenye mzee asiyejua kusoma. Akiiona pembetatu hiyo mlangoni, apige hodi, asubiri nje. Shikamoo yake ataikuta.