Kitambaa cha Kumi na Mbili

Mdogo wangu unayejiandaa kwenda vijijini na wenzako wa chuo, kaa kidogo nikusimulie kitu kilichoninyima usingizi wiki nzima. Nilikuwa nimefunga vitambaa kumi na kimoja. Niliporudi, nikakuta kumi na viwili.

Nimemaliza chuo juzi tu, kwa hiyo usinichukulie kama mzee. Mimi ni mtu wa kufikiri jambo moja mara ishirini, hata salamu niliyomwitikia mtu asubuhi naweza kuirudia kichwani hadi jioni. Lakini ninachokuambia hapa nilikipata kwa mzee wa kweli, nami nakipitisha tu.

Nilikuwa nimebaki chuoni kama msaidizi kwenye mradi wa kutunza vyanzo vya maji katika Milima ya Uluguru. Kazi yetu ilikuwa kutoa elimu kwa wanakijiji na kupima miti inayozunguka chemchemi moja ndogo, ili baadaye tujue kama inaongezeka unene. Kila mti uliopimwa uliwekwa alama. Rangi ya alama ilikuwa imekwisha, nikatumwa sokoni Morogoro mjini kutafuta kitambaa. Nikachagua bafta nyeupe, kwa kuwa ni rahisi na inaonekana kwa mbali.

Muuzaji, mama mmoja wa makamo, alinipimia kitambaa polepole bila kubishana nami bei. Aliponikabidhi akasema, "Poleni na msiba."

Nikajibu, "Tumeshapoa."

Ndiyo, nilijibu hivyo. Niliona aibu kumsahihisha mbele ya wateja. Nilizaliwa Kihonda, nimeshahudhuria misiba mingi, najua kabisa ni kitambaa gani mtu huvishwa siku ya mwisho. Nikapokea pole ya maiti asiyekuwepo, nikatia sanda kwenye begi na kupanda nayo mlimani.

Tulifanya kazi siku ya gulio, watu wote wakiwa wameshuka na ndizi zao. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa Dakawa, kwenye mpunga wake. Tulimpigia simu, akasema tuendelee, angewaambia watu akirudi. Nikachana bafta vipande kumi na kimoja, nikafunga kimoja kimoja kwenye miti kumi na mmoja, tukashuka kabla watu hawajarudi. Mchana tulifundisha kwenye shule ya kijiji cha chini, tukapiga picha, tukaondoka.

Baada ya wiki sita nilirudi peke yangu kupiga picha za ripoti. Ilikuwa saa nne asubuhi, lakini ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini. Njia ya kwenda chemchemi ilikuwa imefunikwa na majani. Juu ya jiwe la kuchotea kulikuwa na kata iliyofunikwa kifudifudi; nilipoigeuza nikakuta buibui ameshajenga ndani. Maji yalikuwa yametulia, meupe, hayajaguswa. Hakukuwa na alama hata moja ya mguu. Vitambaa vyangu vilining'inia bila kutikisika.

Nikavihesabu, kwa kuwa mimi nahesabu kila kitu. Kumi na viwili.

Nikarudia kuanzia upande wa pili. Kumi na viwili. Cha mwisho kilikuwa kwenye mti mwembamba ambao hatukuupima. Hakikuwa bafta yangu. Kilikuwa cha zamani, kimeingia umanjano, na nilipokisogelea kilinuka karafuu maiti. Nilipiga picha nilizotumwa, nikateremka mlima kwa kasi bila kumsalimia mtu.

Mjini nikaandika ripoti. Niliandika kwamba baada ya elimu kutolewa, shughuli za binadamu kwenye chanzo zimekoma. Mhadhiri wangu alifurahi mno. Ijumaa wangekuja wageni wanaofadhili mradi, nami nilitakiwa kusimama na kuwaeleza mafanikio yetu. Picha zilikuwa nzuri: majani yamerudi, maji safi, kimya.

Kile kimya ndicho kilichonikosesha usingizi. Watu waliokuwa wakichota pale, sasa wanachota wapi? Na nani alifunga cha kumi na mbili? Labda nilikosea kuhesabu. Labda ni utani wa wenzangu. Labda nikiuliza nitaharibu mradi wa watu. Jumatano nikapanda bodaboda, nikarudi.

Nyumba ya kwanza juu ya chemchemi ni ya Bibi Mwajuma. Nilimkuta uani anachambua maharage. Nikampa shikamoo, akaitika, akaniuliza ukoo wa mama yangu, kwa kuwa kule huanzia hapo. Nikamweleza. Kisha nikamwambia kwamba vitambaa vya kule chini ni vyangu, tulikuwa tunapima miti.

Akasukuma maharage kando. "Mnaupima mti," akasema, "ukishajua unene wake, unanenepa?"

Nilitaka kucheka, lakini yeye hakucheka. Akanieleza taratibu. Nyumba zinazochota pale ni kumi na moja. Watu walirudi kutoka gulioni wakakuta sanda kumi na moja, na hakuna aliyemwona mfungaji. Hakuna aliyethubutu kuzigusa. Tangu siku hiyo wanawake wanashuka hadi kijito cha chini, kinachopita kwenye bustani za kabichi zinazopigwa dawa, na watoto wanaumwa matumbo. Mwenyekiti alikuwa hajarudi.

Nikauliza kuhusu cha kumi na mbili.

"Hicho changu. Nilikikata kwenye sanda yangu niliyoiweka sandukuni. Nikasema, kama kifo kimekuja kuhesabu nyumba, kianze na mimi niliyeshiba miaka, kiwaache hawa watoto."

Mdogo wangu, nilikosa pa kuweka uso. Bibi yule alikuwa amekaa wiki sita akingoja kufa kwa sababu rangi yetu ilikwisha.

Hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, mlikuja kutufundisha kutunza maji. Mngekaa kwanza siku moja mkatuona tukichota."

Siku ile ile tulishuka pamoja. Nilifungua vitambaa vyangu kimoja kimoja. Nilipoufikia ule mti mwembamba akanizuia, akakifungua cha kwake mwenyewe, akakikunja na kukitia kwenye pindo la khanga. Akasema kitamfaa baadaye, ila si kwa kazi yangu. Nikaisafisha ile kata, nikachota, nikanywa mbele yake. Kisha tukapita nyumba kumi zilizobaki. Kila mlango nilionyesha kitambaa mkononi na kusema: ni mimi nilikifunga, nisameheni. Wapo walionikaribisha ndani. Mmoja alifunga mlango, na alikuwa na haki. Tulipokuwa tukirudi, wanawake wawili walitupita wakielekea chemchemini na ndoo.

Ijumaa nilisimama mbele ya wageni na ripoti niliyoiandika upya. Nilisema chanzo kilikuwa kimya kwa sababu tuliwatisha wenyeji, nao wakanywa maji yenye dawa za kabichi. Mhadhiri wangu aliinamisha kichwa. Sijui kama mradi utaendelea, na bado nalifikiria hilo kila siku, lakini usingizi umerudi.

Basi ukienda, usiende siku ya gulio. Nenda siku watu wapo, kaa nao wanapochota, waonyeshe kila kitu unachotaka kukiacha kwenye ardhi yao kabla hujakiacha. Mtu akikupa pole usiyostahili, mwambie hapohapo. Na ukikuta mahali pametulia kuliko kawaida, usipaandike kuwa ni mafanikio mpaka umeuliza watu wameenda wapi.

Mungu akutangulie njiani, akupe ulimi wa kuuliza na masikio ya kungoja jibu. Na huko uendako, wenyeji wakunyweshe maji yao kwa mikono yao wenyewe.